Fahali Aliyeuzwa Rodi Kopany

Watu wa Rodi Kopany humwita Abdi, maana Abdihakim ni jina refu kwa mtu mwenye haraka ya nyama. Alifika pale akiwa kijana, akimfuata mjomba wake kutoka Wajir, na mjomba alipofariki akamwachia bucha: chumba kimoja cha mabati kando ya barabara iendayo Homa Bay, mizani, ndoano, gogo la kukatia, na mlango wa nyuma unaotokea kwenye ua wa kuanikia ngozi. Mkewe Hibo aliuza leso na madira katika chumba cha pili, ukuta kwa ukuta na bucha. Walikuwa wamezoea pale na pale pamewazoea. Dholuo cha sokoni, lugha ya Wajaluo wa pale, Abdihakim alikisema bila kukwama, na wateja wake wa Kikristo walikuwa wakimpigia simu siku ya Krismasi kumuuliza kama amewawekea mbavu.

Baba yake alikuwa mfugaji. Kabla Abdihakim hajajua kusoma, alijua kumtenga dume la mbegu na dume la kuliwa. Elimu ya namna hiyo haimtoki mtu hata akihamia nchi ya samaki na miwa. Ndiyo maana siku Stanley alipomletea yule fahali, hakuweza baadaye kujidanganya kwamba hakujua.

Ilikuwa alfajiri, jua halijatoka. Stanley alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mwenye koti la ngozi lililochanika begani. Nyuma yake alisimama fahali mdogo wa kienyeji, rangi ya simba, nundu imesimama kama ngumi.

"Huyu ni wa nani?" Abdihakim aliuliza.

"Wetu. Mama amesema auzwe. Tuna matanga."

"Barua ya naibu wa chifu ya kuruhusu auzwe?"

"Inakuja na bodaboda. Wewe anza tu, Abdi, mimi niko na haraka."

Abdihakim akamzunguka yule mnyama. Kwato zilikuwa zimepunguzwa vizuri. Akafunua sikio, hakukuta kupe hata mmoja. Na hakuwa amehasiwa. Upande ule wa nchi, fahali wa kienyeji ambaye hajahasiwa alikuwa ameanza kuwa kitu cha kusimuliwa. Madume hugeuzwa maksai wa kulima yakiwa bado madogo, na majike hupelekewa mbegu ya gredi, wale ng'ombe wa maziwa wa kizungu, kwenye mtungi wa baridi. Mtu akimwacha dume mdogo kama huyu na viungo vyake vyote, akamtunza mpaka masikioni, basi ana sababu. Huyu alikuwa mume wa ng'ombe wa watu. Abdihakim aliliona hilo waziwazi kama anavyoona mafuta kwenye nyama.

Na bei aliyotaja Stanley ilikuwa bei ya mtu anayetaka kuondoka.

Barua haikuja. Abdihakim hakuiulizia tena. Alimpeleka fahali machinjioni mwenyewe, akisema moyoni kwamba mambo ya nyumba za watu ni ya nyumba za watu. Fahali alimfuata bila kuvutwa. Alipofika mlangoni alisimama, akanusa sakafu, akaingia. Abdihakim akasoma Bismillahi, mkono wake ukafanya kazi unayoijua. Kufikia saa sita mchana nyama ilikuwa imekwisha, na wateja wakasema leo Abdi umetuletea kitu kitamu.

*

Baada ya siku chache alikuja mama mmoja mrefu, mwenye kitambaa cheupe kichwani na kandambili zilizojaa vumbi la mbali. Jina lake Jerusha. Alitoka kijiji cha ukingoni mwa bonde la Lambwe, mahali ambapo gari halifiki mvua ikinyesha, na alikuwa amepita bucha moja baada ya nyingine tangu mjini Homa Bay.

"Mwanangu," alisema, "natafuta fahali. Mdogo, rangi ya simba. Sisi tunamwita Rabuor."

Abdihakim alikuwa akinoa kisu. Akaendelea kukinoa.

Jerusha akaomba maji, na Hibo akamletea pamoja na kigoda. Mama akakaa pale pale ndani ya bucha, mgongo wake ukielekea mlango wa nyuma. Mlango ulikuwa wazi. Uani, kwenye kamba, ngozi ya rangi ya simba ilikuwa ikikauka kwa chumvi, na kila upepo ulipopita ilipiga ukuta, pa, pa.

"Zamani kwetu kulikuwa na hawa wengi," Jerusha alisema akinywa. "Halafu watu wa miradi wakaja, wakatuambia maziwa yenu ni kidogo, leteni gredi. Tukaleta. Mbung'o wa Lambwe wakala gredi wote. Mimi peke yangu nilizika wanne. Hawa wadogo ndio walibaki wamesimama. Basi sisi akina mama tukakaa, tukasema turudi kwa ng'ombe wetu, na mtama wetu ule mwekundu pia turudi kwake. Majike tulikuwa nayo. Dume tulitafuta mpaka tukachoka. Huyo Rabuor ndiye tulimpata, tukanunua kwa kuchanga, analala kwangu lakini ni wa wote." Akaweka kikombe chini. "Umemwona?"

Abdihakim alijiona akifungua mdomo kusema ndiyo. Alilihisi neno lenyewe ulimini. Kisha akafikiri: nikisema ndiyo, ataniuliza nani alimleta. Na fahali alilala kwake; huyu ndiye yule mama aliyetajwa na Stanley. Nitamwambiaje mama wa watu kwamba mwizi amenyonya ziwa lake?

"Hapana, mama," akasema. "Sijamwona."

"Zablon ndiye alikuwa naye malishoni," Jerusha alisema akisimama. "Anasema alikwenda kunywa maji mtoni, akirudi hakuna ng'ombe. Nani anaacha fahali wa kijiji kizima akaenda kunywa maji? Zablon amemuuza. Erokamano kwa maji, binti yangu."

Akatoka. Alipita hatua mbili tu kutoka ngozi ile, ukuta ukiwa katikati.

Hibo aliokota kikombe. Hakuondoka.

"Baba Sumayya, ile ngozi ya rangi gani iko nje?"

"Nilimnunua kwa mtu. Nilitoa pesa yangu. Nikasoma Bismillahi."

"Bismillahi haisafishi wizi," Hibo akasema. "Na wewe unajua kuliko mimi." Akarudi kwenye leso zake, na siku ile hawakuzungumza tena mpaka mtoto wao alipowauliza wamegombania nini.

Jioni Abdihakim aliishusha ngozi akaiuza kwa mchuuzi wa kwanza aliyepita. Alidhani ikiondoka itaondoka na lile jambo. Haikuwa hivyo. Kila alipoinua sikio la ng'ombe kukagua kupe, alikumbuka lile sikio safi. Alipoinama katika sala, lile neno "sijamwona" lilifika kwenye mkeka kabla ya paji la uso wake.

Kilichomzidishia ni Damaris, mke wa Zablon. Damaris alikuwa akija sokoni kuuza mboga, akitandaza gunia karibu na bucha. Siku moja alikuja na kikapu kidogo kuliko kawaida, macho yamevimba.

"Kuna nini, mama?" Abdihakim alimuuliza, ingawa alijua.

"Mzee wangu ameondolewa kwenye kazi ya kuchunga. Hakuna mtu anamwita tena hata kulima. Kanisani tukikaa, benchi inabaki yetu peke yetu. Watoto wanaitwa watoto wa mwizi." Alisema bila kulia, kama mtu anayesimulia habari za mvua. "Na Zablon hajui hata kuiba mahindi ya jirani, Abdi. Angekuwa mwizi tungekuwa hivi?"

Abdihakim alimfungia matumbo na kipande cha paja. Damaris akafungua kitambaa kutoa pesa, naye akakataa. Damaris alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu akuangalie. Wewe ndiye mtu wa kwanza kututendea wema tangu hii maneno ianze."

Abdihakim alienda nyuma ya bucha, akasimama kwenye ua mtupu, akaegemea ukuta. Alitamani angetukanwa.

*

Ndipo alipoamua kutafuta fahali mwingine. Alipanga hivi: atampata wa aina ile ile, atamnunua, atampeleka Lambwe kama msamaria tu aliyesikia shida ya watu. Jerusha atafurahi, kijiji kitatulia, Zablon atarudi kazini, na jina la Stanley halitatajwa. Mpango ulimpendeza sana, maana kila mtu alipona ndani yake, na wa kwanza kupona alikuwa yeye.

Alizunguka minada. Alikwenda Rongo, akaenda Migori, akashuka hadi vichochoro vya Masara wanakochimba dhahabu, kwa kuwa huko nako watu hula nyama na ng'ombe hufika. Aliwapapasa nundu, akawafunua midomo, akawatazama kutoka nyuma. Huyu alikuwa na madoa ya gredi tumboni. Yule alikuwa wa kienyeji kweli, lakini maksai. Mwingine nundu ilikuwa imelala, damu imeshachanganyika. Madalali walimcheka: "Abdi, siku hizi unachagua ng'ombe kama unachagua mke?" Naye akacheka nao. Kwa miaka yote aliyokuwa mchinjaji, wangapi kama Rabuor walikuwa wamepita chini ya mikono yake? Alijaribu kuwakumbuka. Hakumkumbuka hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyewahi kuja kumtafuta.

Kule Masara alimwona Stanley. Alikuwa amesimama mdomoni mwa shimo, amepakaa udongo mwekundu hadi kope. Macho yao yakakutana. Stanley akaangusha sururu akapotea kati ya mahema ya nailoni. Abdihakim hakumfuata. Angemwambia nini? Mmoja aliuza, mmoja alinunua.

Dalali mmoja ndiye aliyemwambia kwamba Ntimaru, karibu na mpaka wa Tanzania, kuna mzee wa Kikuria aitwaye Werema ambaye hachanganyi ng'ombe wake na mtu.

Alimkuta Werema amevaa gambuti, akimwogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe huku redio imening'inia kwenye nguzo ikipiga kelele. Zizini mlikuwa na madume mawili ya mbegu, madogo, imara, mmoja mweusi na mmoja mwekundu. Abdihakim alisimama akiwatazama mpaka Werema akazima redio.

"Wewe ni mtu wa nyama," Werema akasema. "Naona unavyoangalia."

"Ndiyo, mzee. Lakini leo sitafuti nyama. Kuna akina mama huko Lambwe wameibiwa fahali wao. Nataka kuwapelekea mwingine. Taja bei yako."

"Mtu wa nyama anawatafutia watu fahali." Werema aliweka bomba la dawa chini. "Tangu lini?"

Abdihakim akamgeukia tena yule dume mwekundu.

"Huyo fahali wao alikwenda wapi?"

"Aliibwa, mzee, nimesema."

"Nimesikia. Nauliza alikwenda wapi."

Abdihakim akatazama viatu vyake.

"Kwangu," akasema.

"Ulimchinja."

"Nilimchinja."

"Wanajua?"

"Hawajui. Wanadhani ni mchungaji wao."

Werema aliguna. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe mwenye kasoro na sasa anajua bei yake.

"Sikiza, Msomali. Mimi siuzi dume. Sisi ng'ombe tunamweka kwa rafiki. Anakaa kwake, anazaa, halafu anarudi, na mitamba tunagawana. Ni kazi ya kuaminiana. Sasa nimpeleke wangu kwa boma ambalo watu wanaangaliana kama wezi, na mwizi mwenyewe hawajamjua? Wangu atakuwa wa pili. Nenda ukawaambie. Wakishajua, waje wao, tuongee. Hapo kabla, hapa hakuna fahali."

"Mzee, aliyemleta ni mtoto wa mama mwenyewe. Nikisema nitamuua yule mama."

"Na huyo mchungaji unamfanyia nini?" Werema akauliza, akawasha redio yake.

*

Abdihakim alifika kwa Jerusha mchana, akamkuta akipepeta mtama mwekundu kwenye ungo. Jerusha alifurahi kumwona. Hilo lilikuwa gumu kuliko lolote. Aliwaita wajukuu wamwone mtu wa Rodi aliyetembea jua lote hili. Akamkaribisha uji, akamwonyesha majike yake, akaeleza bila kuulizwa kwamba mawili yamepandwa na fahali mchanganyiko wa jirani aliyevunja ua. "Hatuwezi kumlaumu jirani," alisema. "Ng'ombe haitaki kungoja kamati."

"Mama," Abdihakim akasema, "ulikuja kwangu ukaniuliza."

"Ndiyo."

"Nilikudanganya. Rabuor nilimchinja mimi. Siku uliyokuja, ngozi yake ilikuwa uani, nyuma yako."

Ungo uliendelea kupanda na kushuka mara chache, kana kwamba mikono haijaambiwa. Kisha ukasimama.

"Nani alimleta?"

Alikuwa amejiandaa njia nzima kwa swali hilo.

"Stanley."

Jerusha alitazama mtama wake. Alitoa changarawe moja, akaitupa. Akatoa nyingine. Kuku walisogea wakadhani wanaitwa.

"Alisema ni matanga," Abdihakim akaongeza. "Nilijua si kweli. Nilimwona ni dume la mbegu, mama. Nilijua na nikanunua."

"Alisumbua?"

Hakuelewa. "Stanley?"

"Rabuor."

"Hapana. Alinifuata mwenyewe."

"Ndivyo alikuwa," Jerusha akasema. "Hata mtoto angempeleka." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa, mara moja tu, kwa nguvu, kama anayefuta vumbi. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imezeeka. "Nilimtukana Zablon mbele ya watoto wake. Nilimwambia mikono yake ioze. Yeye akasimama tu, amevua kofia." Akainuka. "Twende."

"Sasa hivi?"

"Unataka tungoje nini?"

Njiani aliita akina mama wa kikundi, huyu kwenye shamba, yule kwenye jiko, hata walipofika kwa Zablon walikuwa umati mdogo. Zablon alikuwa akitengeneza mpini wa jembe mlangoni. Aliona watu wanakuja, akasimama haraka, na Abdihakim aliona woga ukipita usoni mwake kabla hajajua wamefuata nini. Woga ule alikuwa ameutia yeye.

Jerusha alisema kwanza, kwa Dholuo, kwa kifupi. Alipotaja jina la mwanawe, akina mama walishika vifua. Kisha akamsukuma Abdihakim mbele, naye akasema yote: barua ambayo haikuja, ngozi, neno "sijamwona". Hakujitetea.

Zablon ndiye aliyejibu.

"Mke wangu alikuja na nyama kutoka kwako," akasema. "Akanieleza ulikataa pesa. Tulikula na watoto. Usiku ule nilikuombea, Abdi. Nilikutaja kwa jina."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Ningekusamehe ungekuwa umeninyima nyama ile," Zablon akasema. Akaingia ndani, akafunga mlango. Damaris alibaki nje, amesimama na mkono mdomoni, akimtazama Abdihakim kama mtu ambaye amemfananisha na mwingine.

*

Kikundi kilikaa kikaamua. Zablon alirudishiwa kazi yake, na Jerusha alimwomba radhi kanisani, mbele ya benchi zote. Zablon ndiye aliyetumwa Ntimaru pamoja na Jerusha kuongea na Werema. Abdihakim aliambiwa gari ni juu yake, kwenda na kurudi, na akashukuru kupewa hata hilo. Werema aliwauliza maswali mengi kuhusu malisho na mbung'o, akawalisha ugali wa wimbi, na mwishowe akamtoa yule dume mwekundu, akae Lambwe hadi ndama wazaliwe.

Mwaka ule ulikuwa mgumu Rodi Kopany. Habari zilienea, na wengi wa upande wa Lambwe wakaanza kununua nyama kwingine. Baadhi walirudi, baadhi hawajarudi hadi leo. Abdihakim hakuwalaumu. Alianza kukataa mnyama asiye na barua, na akiletewa dume la kienyeji ambalo halijahasiwa hukipigia simu kikundi kwanza, kabla ya kulitazama mara mbili. Hibo alirudi kuzungumza naye kama zamani, ila mara nyingine alimwona amesimama na kisu mkononi mbele ya ng'ombe, hafanyi kitu, naye humwacha.

Stanley hakurudi nyumbani. Kila Abdihakim anapokwenda Masara, Jerusha humpa ujumbe ule ule: mwambie mlango uko wazi, lakini aje mchana, watu wakimwona. Abdihakim amemtafuta kila shimo. Wanasema alivuka mpaka.

Ndama walizaliwa mvua za vuli zilipoanza. Wengi walikuwa majike, na Jerusha alisema ni vizuri. Dume alizaliwa mmoja, rangi ya udongo, na kikundi kikaapa mbele ya mchungaji wa kanisa kwamba kisu hakitamgusa popote.

Siku ya kumrudisha fahali wa Werema, Abdihakim alikuja na lori mapema. Zablon alimleta fahali akiwa ameshika kamba, akimsemesha kwa sauti ya chini. Tangu siku ile mlangoni kwake hakuwa amemsalimu Abdihakim hata mara moja. Abdihakim akasogea, akanyoosha mkono apokee kamba, ampandishe yeye.

Zablon hakuiachia.

"Huyu nampandisha mimi," akasema. Akamtazama, kwa muda mrefu kidogo. "Wewe shika mlango usije ukamgonga."

Abdihakim akaushika mlango wa lori kwa mikono yote miwili, akauegemea kwa bega, mpaka fahali alipopita.